UZI MAALUMU: Umekubaliwa kwenda umisionari nje ya nchi, lakini bado hujaondoka

#1 Mlinzi_wa_Zamu

Bwana asifiwe wapendwa.

Uzi huu ni wa ndugu na dada ambao wito umeshapimwa, usaili umepita, shirika limewakubali, kanisa limewawekea mikono, na bado wapo nyumbani. Viza haijatoka, au ahadi za wachangiaji hazijatimia, au majibu ya daktari yanangojwa. Kipindi hiki huchukua miezi, pengine mwaka na zaidi, na wapo wanaovunjika moyo hapa hapa kabla ya kuona uwanja wa ndege. Tuweke yanayosaidia, ya rohoni na ya makaratasi kwa pamoja, maana anayeyabeba ni mtu mmoja.

Naanza na Nehemia. Habari za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, akasema na mfalme mwezi wa Nisani. Hapo katikati ni kama miezi 4. Sura ya kwanza inamwonyesha akilia, akifunga na kuomba, na mahubiri mengi huishia hapo. Someni sura ya 2, mstari wa 6 hadi wa 8, polepole. Mfalme alipomuuliza anataka nini, Nehemia alikuwa na muda wa safari mkononi. Alijua anahitaji barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe. Alijua hata jina la mlinzi wa msitu wa mfalme, Asafu, na miti inayohitajika kwa malango, kwa ukuta na kwa nyumba atakayokaa. Mambo hayo hayamjii mtu papo kwa papo mbele ya kiti cha enzi. Ile miezi alikuwa akiomba na kupiga hesabu.

Kwa hiyo jambo la kwanza kufanya: chukua daftari, kila kitu unachokingoja kipe ukurasa wake. Juu andika ni nini. Chini yake andika mambo manne: kiko kwa nani sasa hivi, kilipelekwa tarehe gani, muda wa kawaida wa kujibiwa ni upi, na tarehe ya kukumbushia. Mtu akisema "nasubiri viza" ukamuuliza faili liko meza gani, mara nyingi hajui. Wakati mwingine faili halijaondoka hata ofisini kwa shirika lake mwenyewe, linangoja picha mbili za pasipoti.

Ukimaliza utaona kurasa zinagawanyika. Kuna zilizo mkononi mwako, hizo zina kazi ya wiki hii. Kuna zilizo mkononi mwa mtu mwingine mwenye muda maalumu, hizo zina tarehe ya ukumbusho. Na kuna zisizo na tarehe kabisa. Hizi za mwisho ndizo zinazokula usingizi, na ndizo za kuombea kwa majina: ofisi ile, afisa yule anayelishika faili, hata kama humjui. Ombi la "Bwana fungua milango" likigeuka kuwa "Bwana, mkumbuke anayefungua faili letu leo, mpe haki na utulivu", moyo huacha kumwona yule afisa kama adui. Hilo peke yake ni badiliko kubwa kwa mtu anayekwenda kuhudumia wageni.

Karibuni mchangie.

#2 Karani_wa_Mafaili

Asante Mlinzi. Niseme upande wa nyaraka, kwa sababu imani ya wengi hujeruhiwa na kosa dogo lililozuilika, kisha lawama anabebeshwa Shetani.

Kosa lenyewe ni kukusanya kila kitu wiki moja kwa furaha ya kukubaliwa. Nyaraka zina umri, na hazizeeki sawa.

Pasipoti iwe ya kwanza. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi 6 mbele kuhesabu tangu siku ya kuingia, na kurasa tupu zisizopungua mbili. Kama unakwenda miaka miwili na pasipoti imebakiza mwaka na nusu, kibali cha ukaazi kinaweza kukatwa kifuate pasipoti. Ibadilishe kabla namba yake haijaandikwa popote. Ukiibadilisha katikati, namba iliyo kwenye barua ya mwaliko, kwenye fomu na kwenye bima hazitalingana tena, na kila moja itabidi irudiwe.

Zifuate zile zisizochakaa upesi: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, vyeti vya masomo, barua ya kuwekwa wakfu kama ipo. Angalia tu kama nchi uendako inataka nakala iliyotolewa karibuni. Hizi ndizo zenye safari ndefu ya kuthibitishwa. Ikiwa nchi yako na nchi uendako zote ni wanachama wa Mkataba wa The Hague wa 1961, muhuri mmoja uitwao apostili unatosha. Ikiwa moja kati ya hizo siyo mwanachama, njia ni ndefu: mamlaka iliyotoa cheti, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Na uliza mapema tafsiri inafanyika lini. Kwingi muhuri wenyewe nao hutakiwa kutafsiriwa, kwa hiyo ukitafsiri kwanza halafu ukapiga muhuri, umelipa mara mbili.

Cheti cha polisi cha tabia njema na vipimo vya afya ndivyo vya mwisho. Hivi kwa kawaida hupokelewa vikiwa na umri wa miezi 3 au 6, kutegemea nchi. Ukivichukua mapema vitaisha muda faili likiwa mezani, nawe utaambiwa uanze upya.

Majina: mpangilio mmoja, tahajia moja, kila mahali. Herufi moja ikipungua kwenye cheti cha ndoa, tengeneza hati ya kiapo sasa, usingoje kuulizwa.

Kuhusu kukumbushia: ikiwa ofisi imesema wiki 8, andika wiki ya 9, siyo ya 3. Barua iwe ya mistari mitano: jina, namba ya faili, tarehe ya kuwasilisha, swali moja, shukrani. Msiwatume watu watano wapige simu kwa faili moja, kila simu inamfanya karani alitoe faili kwenye foleni alitazame.

La mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Aina ya viza iseme ukweli wa unachokwenda kufanya. Anayeingia kwa viza ya utalii ili aanze huduma ya kudumu anawaweka hatarini wenyeji wake, ambao wao hawana ndege ya kuondokea.

#3 Muuguzi_wa_Njiani

Nyongeza fupi ya afya, maana hii nayo ina kalenda yake.

Homa ya ini aina B kwa ratiba ya kawaida ni dozi 3: siku ya kwanza, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Anayengoja viza itoke ndipo aanze, ataondoka na dozi mbili. Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinahesabika kuwa cha maisha, kwa hiyo hakuna sababu ya kukichelewesha. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, zisipotolewa siku moja kwa kawaida huachiana wiki 4.

Kosa linalosahaulika: kupima kifua kikuu kwa sindano ya ngozi siku chache baada ya chanjo ya surua. Chanjo hiyo inaweza kuufubaza mwitikio wa ngozi, kipimo kikasema huna wakati unacho. Fanya vyote siku moja, au kipimo kitangulie, au ngoja wiki 4 hadi 6. Mwambie mhudumu wa afya ratiba yako nzima, asikupangie kipande kipande. Na meno: yatibiwe sasa. Jino linalouma likiwa mahali ambapo hujui hata kusema "linauma" ni mateso ya bure.

#4 Chemchemi2

Shalom. Nyaraka nimezielewa. Swali langu ni la rohoni. Tunaambiwa tushukuru kwa kila jambo. Kwa mtu ambaye ameshaagwa kanisani, vyombo vimeuzwa, na kila Jumapili anaulizwa "bado upo?", shukrani inapatikanaje bila kuwa ya midomo tu?

#5 Mama_Zaburi

Dada Chemchemi, umegusa penyewe. Nijibu kwa urefu kidogo.

Shukrani ya midomo hutokana na shukrani isiyo na jina. "Asante kwa uhai, kwa afya, kwa chakula" ni kweli tupu, lakini ikirudiwa jioni arobaini bila badiliko, akili huacha kusikia. Dawa yake ni kutaja. Kila jioni andika mistari mitatu: nani, alifanya nini, na kitu gani kikawezekana kwa sababu hiyo. Mfano: "Karani wa masijala. Aliona tarehe imekosewa kabla fomu haijapokelewa. Faili halikurudishwa." Mstari wa tatu ndio wenye kazi. Unaulazimisha moyo ufuatilie wema ulipoishia. Mtu akiandika hivi wiki mbili huanza kuona kwamba kungoja kwake kumejaa watu wanaofanya kazi kwa ajili yake kimya kimya.

Jumamosi, soma mistari ya wiki, chagua mmoja, mpelekee mhusika shukrani hiyo kwa sauti au kwa maandishi. Mmoja tu kwa wiki. Baada ya wiki 10 una watu 10 waliosikia kutoka kwako bila kuombwa chochote, na kwa mtu ambaye anazunguka akiomba uchangiaji, hilo ni jambo la kulilinda sana. Wachangiaji huchoka haraka na sauti inayowatafuta tu ikiwa na haja.

Sasa mahali shukrani inapoharibika. Kuna shukrani ya biashara: "nikishukuru sana, viza itatoka." Hiyo ikishindwa inaacha uchungu mara mbili. Kuna ya kujilinganisha: "afadhali mimi kuliko yule aliyekataliwa." Na kuna ya kuziba mdomo, ambayo naiona ndiyo hatari zaidi kwa watu wa kanisani, pale mtu anapokatazwa kuhuzunika kwa jina la imani.

Zaburi ya 13 inasaidia sana hapa. Ni fupi, mistari 6. Miwili ya kwanza ni malalamiko, "hata lini" imeulizwa mara 4. Miwili ya katikati ni maombi. Miwili ya mwisho ni tumaini na wimbo. Angalia pale kati ya mstari wa 4 na wa 5: hakuna habari mpya iliyoletwa. Adui hajaanguka, barua haijafika. Kilichotokea ni kwamba malalamiko yalisemwa yote mbele za Mungu, ombi likasemwa wazi, ndipo wimbo ukapata nafasi. Ukiruka mistari miwili ya kwanza kwa haraka ya kufika kwenye wimbo, utaimba juu ya jipu.

Kwa matumizi: robo saa. Dakika 5 mwambie Mungu kinachouma bila kukipamba. Dakika 5 omba vitu viwili au vitatu vilivyo mahususi, vile vya kwenye daftari la Mlinzi. Dakika 5 zilizobaki shukuru kwa kutaja, ukisoma mistari yako ya jana. Usibadilishe mpangilio siku ambazo moyo ni mzito. Siku nyepesi unaweza kuanza na shukrani. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuti, katika ile sala ya kujihoji aliyoifundisha karne ya 16, aliiweka shukrani kuwa hatua ya kwanza kati ya tano, kabla mtu hajahesabu makosa yake.

Na lile swali la "bado upo?" liandalie jibu la sentensi mbili, usilitunge upya kila Jumapili. Ya kwanza iseme hali ilivyo: "Faili limewasilishwa, tunategemea majibu ndani ya miezi mitatu." Ya pili impe muulizaji kazi: "Wiki hii tuombee tafsiri ya cheti cha ndoa ikamilike." Wengi wao hawakudhihaki. Wanataka kushiriki ila hawana pa kushika.

#6 Mhasibu_wa_Zaka

Nimeusoma uzi wote, ubarikiwe Mama. Kuna kungoja kwingine watu hukuita "mlango umefungwa" kumbe ni hesabu. Nazungumzia uchangiaji.

Chukua hitaji lako la mwezi uliite 100. Humo ndani kuwe na nyumba, chakula, usafiri, bima ya afya, ada ya lugha, kodi na akiba ya uzeeni, sehemu ya shirika, na akiba ya tiketi ya kurudi. Watu husahau hizo mbili za mwisho. Gharama za mara moja, yaani tiketi ya kwenda, viza, chanjo na vyombo vya kuanzia, ziweke kapu lingine kabisa. Ukizichanganya, sadaka kubwa ya siku moja itakudanganya kwamba mwezi umetimia.

Ikiwa wastani wa ahadi ni 2 kwa mwezi, unahitaji kaya 50. Tuseme katika kila watu watatu unaokaa nao ana kwa ana, mmoja anaahidi. Hapo ni mazungumzo 150. Ukifanya 4 kwa wiki, hiyo ni wiki 38 hivi, karibu miezi 9. Weka namba zako halisi, lakini ifanye hesabu hiyo mwanzoni kabisa. Anayeijua hashtuki mwezi wa tano akiwa nusu ya njia. Asiyeijua ataanza kutilia shaka wito wake mwezi wa tatu, wakati kwa kweli anakwenda sawa.

Mambo yanayokwamisha ni haya. Kutangaza mbele ya kusanyiko na kungoja watu wakufuate: tangazo huandaa udongo tu, ahadi hupatikana mezani, mtu na mtu. Kuandika "atachangia" bila kiasi, bila mwezi wa kuanza. Kusubiri hadi uondoke ndipo ahadi zianze kulipwa: mwombe kila aliye tayari aanze hata miezi mitatu kabla, fedha ikae kwenye akaunti ya huduma, na ahadi zisizo na mizizi zitajulikana ungali nyumbani. Panga kupita hitaji kwa asilimia 10 hivi, kwa sababu wapo watakaopoteza kazi au kuhama, na sarafu nazo hupanda na kushuka.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja kwa mwezi. Shukrani moja iliyotajwa, hali ya safari, maombi matatu. Ikizidi hapo haisomwi yote.

Na kazi ya kipato, mtu asiiache kwa sababu tu ya kukubaliwa. Ongea na mwajiri juu ya muda wa notisi, uwe umeandikwa, na uutumie viza ikishapatikana.

#7 Sauti_ya_Mlimani

Wapendwa nawaheshimu, lakini naona uzi umejaa hesabu. Imani si ni kutangaza tarehe na kusimama hapo? Ukinunua tiketi kwa imani, Mungu atalazimika kuheshimu hatua yako.

#8 Mlinzi_wa_Zamu

Ndugu yangu, nalijibu kwa upendo, maana hoja hii imewaumiza wengi.

Matendo sura ya 1: wanafunzi waliambiwa wangoje Yerusalemu mpaka wapokee nguvu. Walipouliza habari za wakati, waliambiwa si kazi yao kujua nyakati. Ukihesabu siku 40 za mstari wa 3 hadi Pentekoste, walingoja kama siku 10, ila wao hawakujua ni 10. Hawakutangaza tarehe. Walidumu katika kuomba, watu wapatao 120, na wakajaza nafasi ya Yuda kwa utaratibu. Agizo walilopewa halikuwa na tarehe, na walilitii hivyo hivyo.

Paulo naye anawaandikia Warumi waziwazi kwamba alikusudia kwenda kwao mara nyingi akazuiwa. Wakati wa kuzuiwa ndio aliowaandikia barua ile. Mwishowe alifika Rumi akiwa mfungwa, njia ambayo hakuna ratiba ingeiweka.

Kutangaza tarehe ambayo Mungu hakuisema ni kumsemea. Tarehe ikipita, anayeyumba siye wewe peke yako, ni yule kijana wa Shule ya Jumapili aliyekusikia ukisema "Bwana ameniambia tarehe 15". Sema "tunaomba na kupanga kwa mwezi fulani". Kwa lugha hiyo umebaki mkweli, na mlango wa kubadilika uko wazi. Tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya viza siishauri kabisa, fedha ile ni sadaka ya mjane wa mahali fulani.

#9 Sauti_ya_Mlimani

Nimekuelewa Mlinzi. Hilo la kumsemea Mungu sikuwa nimelitazama hivyo. Vipi basi ile habari ya William Carey, yule mmisionari Mwingereza aliyekwenda India, kwamba kuchelewa kwake kulikuwa mpango mzuri?

#10 Mama_Zaburi

Habari hiyo isimuliwe yote. Mwaka 1793 Carey na daktari John Thomas waliteremshwa kwenye meli yao ya kwanza kabla haijang'oa nanga kwenda India. Dorothy, mkewe Carey, alikuwa amekataa kwenda, na alikuwa ametoka kujifungua. Ucheleweshaji ule ulitoa nafasi wakamrudia, akakubali baada ya kushinikizwa, dada yake akaandamana naye, wakaondoka Juni 13 kwa meli ya Kidenmaki. Hapo wahubiri wengi husimama wakisema haleluya.

Lakini Dorothy alifiwa na mtoto huko India, akaugua akili, na hakupona hadi alipofariki mwaka 1807. Sisemi haraka ile ndiyo iliyomwuguza, hakuna ajuaye. Nasema mwenzi aliyekubali chini ya shinikizo la meli inayoondoka hajapewa muda wa kuitwa.

Kwa hiyo wenye familia, kipindi cha kungoja ni zawadi mahususi kwenu. Mume na mke waketi kila mmoja na kiongozi wa kanisa peke yake, angalau mara mbili, aulizwe bila mwenzake kuwepo: "Ungepewa uhuru wa kukataa, ungesema nini?" Akisema bado, shirika lijulishwe kwamba maandalizi yanaendelea, bila kumtaja kama kikwazo. Watoto waambiwe kwa kiwango chao. Mtoto mdogo usimpe tarehe, mpe mfuatano: "Kwanza barua itakuja, halafu tutapanga mabegi, halafu tutaaga bibi." Wa umri wa shule apewe kazi moja ya kweli, kama kuchagua vitabu vitano vya kubeba. Na kuaga kufanyike mara moja, safari ikiwa na uhakika. Mtoto aliyeagwa mara mbili na kubaki huanza kutoamini maneno ya watu wazima.

#11 Chemchemi2

Asanteni mno. Lugha je? Kuna anayesema nisubiri nifike, nitajifunzia huko.

#12 Mfasiri_Mdogo

Usisubiri, ila usijidanganye pia. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha hukadiria kama saa 600 hadi 750 za darasani kwa lugha zilizo jirani na Kiingereza, na kama 2,200 kwa Kiarabu, Kichina au Kijapani. Kiswahili chetu wanakipa kama 900. Makadirio hayo ni ya mzungumzaji wa Kiingereza, kwako yatatofautiana, lakini ukubwa wa kazi umeuona. Kwa saa moja kwa siku, 2,200 ni miaka 6. Kwa hiyo lengo la kipindi hiki lisiwe ufasaha.

Lengo liwe sauti, maandishi na salamu. Dakika 45 kwa siku zinatosha: 15 kusikiliza mzungumzaji halisi bila kusoma, 15 kadi za maneno, 15 kusema kwa sauti. Maneno mapya 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, siku ya sita ni marudio. Wiki 10 ni maneno 500. Usijifunze matamshi kwa maandishi peke yake. Sauti uliyoikosea miezi sita ni ngumu kuing'oa kuliko kujifunza upya, hasa kwenye lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno.

Sala ya Bwana ikariri mapema katika lugha hiyo, uisali kila siku. Ni fupi, tayari unajua maana yake, na siku utakapokaa ibadani bila kuelewa kitu, hapo utakuwa na sauti pamoja nao. Jifunze pia namna nne za kusema asante: kwa mkubwa, kwa rika, kwa mtoto, na kwa aliyekupa chakula, kama lugha hiyo inazitenganisha.

#13 Karani_wa_Mafaili

Kuna swali nimetumiwa pembeni: itakuwaje majibu yakija kwamba imekataliwa kabisa? Naliweka hapa bila jina.

Kwanza soma sababu iliyoandikwa. Kukataliwa kwa nyaraka pungufu hurekebishwa kwa maombi mapya. Kwa uamuzi unaokatiwa rufaa, tarehe ya mwisho ya rufaa huanza kuhesabiwa mara moja, mara nyingi ni siku chache, hivyo siku ya kupokea barua ni siku ya kazi. Usikate rufaa kwa hasira. Mwenyeji wako huko ndiye ajuaye kama rufaa inasaidia au inamletea macho yasiyotakiwa.

Na mlango ukifungwa kweli, kumbukeni Ignatius na wenzake. Tarehe 15 Agosti 1534, huko Montmartre, waliapa kwenda Yerusalemu, na wakaweka sharti: wasipopata njia kwa mwaka mmoja, watajikabidhi kwa Papa awatume popote. Mwaka 1537 walikutana Venice, vita kati ya Venice na Waturuki ikazuia meli za mahujaji. Walipokuwa wakingoja walihudumia wagonjwa hospitalini. Meli haikupatikana, wakaenda Roma. Mmoja wao, Francis Xavier, aliondoka Lisbon Aprili 1541 kwenda India, na hata yeye meli ilikwama miezi kadhaa Msumbiji ikingoja upepo wa msimu. Akauguza wagonjwa huko pia, akapita Malindi, akafika Goa Mei 1542.

Ninachowaomba mkichukue hapo ni lile sharti. Waliandika mapema muda wa kungoja na nani ataamua ukiisha. Keti na kanisa linalotuma sasa, kabla hamjachoka, mwandike ukurasa mmoja: tunangoja nchi hii hadi mwezi gani, nani atakaa kuamua, na nchi au kazi gani inafuata. Kuamua hayo siku ya barua ya kukataliwa, macho yakiwa yamevimba, ni kumwonea mtu.

#14 Chemchemi2

Amina. Na siku viza ikitoka? Nini cha kwanza?

#15 Karani_wa_Mafaili

Piga magoti, shukuru. Kisha kabla ya kumwambia yeyote nje ya nyumba, isome viza yenyewe: jina herufi kwa herufi, namba ya pasipoti, aina, tarehe ya kuanza na ya kuisha, idadi ya kuingia. Kosa likiwa la ofisi huwa rahisi kurekebishwa ukilirudisha siku hiyo hiyo, na linakuwa gumu ukiwa uwanja wa ndege. Angalia kama kuna tarehe ya mwisho ya kuingia nchini, ambayo siyo sawa na tarehe ya kuisha kibali, na kama unatakiwa kujiandikisha polisi au uhamiaji ndani ya siku kadhaa baada ya kufika.

Piga nakala 3: moja ya kanisa, moja ya shirika, moja ya begi lisilo na pasipoti. Mjulishe mwenyeji wako akubaliane nawe siku ya kupokelewa. Toa notisi kazini. Nunua tiketi. Ndipo uwaandikie wachangiaji, na barua hiyo ianze na wale watu wa kwenye mistari mitatu ya Mama Zaburi, kwa majina yao kama wameridhia, na kile kilichowezekana kwa sababu yao. Tarehe ya kuondoka iwe aya ya pili.